Vijiti vinaisha mwezi ujao na nimeambiwa nilipie: kipi ni bure, kipi si bure?

SWALI: Nina miaka 34 na watoto watatu, naishi Kahama. Karibu miaka mitano iliyopita niliwekewa vijiti viwili vya uzazi wa mpango mkononi, na kadi inaonyesha muda wake unaisha mwezi ujao. Kituo nilichokwenda wameniambia kutoa ni 15,000, kuweka vipya ni 10,000 nyingine, na nirudi nikiwa kwenye siku zangu, tena nije na mume wangu. Nikatoa kadi ya CHF (bima ya afya ya jamii), wakasema haihusiki. Juzi shangazi yangu amekutwa na saratani ya mlango wa kizazi, nami sijawahi kupima hata mara moja. Nina binti wa miaka 12 pia. Naomba mnieleze haki yangu ni ipi na nianzie wapi.

JIBU: Dada, pole kwa kuzungushwa, na pole kwa ugonjwa wa shangazi.

Katika kituo cha serikali, kutolewa vijiti, kuwekewa vipya, kupimwa mlango wa kizazi kwa siki, pamoja na chanjo ya binti yako ya kuzuia saratani hiyo, vyote ni huduma za bila malipo. Hakuna hata kimoja kinachohitaji bima. Sahihi ya mume haitakiwi. Hedhi huna haja ya kuisubiri. Na kwa mahitaji yako, kwenda ukiwa kwenye siku zako kutakuharibia safari, maana kipimo cha mlango wa kizazi hakifanyiki vizuri damu ikiwa inatoka.

Kwa nini kadi "haihusiki"

Aliyekuambia hivyo alikupa nusu ya ukweli. Serikali ilipoanzisha utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu miaka ya 1990, huduma za mama na mtoto ziliwekwa kwenye kundi la msamaha, na uzazi wa mpango umo humo. Vijiti, sindano, vidonge, vitanzi na kondomu hununuliwa kwa fedha za serikali na wahisani, hupitia Bohari ya Dawa (MSD) na kushushwa hadi zahanati ya kijiji. Kadi haiulizwi kwa sababu hakuna bili ya kupeleka kwenye kadi. Nusu aliyoiacha ni kwamba pasipo bili ya kadi, hapana bili ya mfukoni pia.

Wengi hukwama kwa kuingilia mlango usio wao. Ukifika hospitali ukapanga foleni ya wagonjwa wa nje, utafunguliwa faili, utaandikiwa kumwona daktari, na kila hatua ina malipo yake. Dirisha la malipo halijui kama umekuja na malaria au umekuja kutoa vijiti. Wewe pita moja kwa moja kliniki ya mama na mtoto, ile ambayo wahudumu wanaiita RCH, uulize chumba cha uzazi wa mpango. Pale kuna rejista yake, kadi zake na wauguzi waliofundishwa kazi hiyo. Zahanati nyingine hupanga siku maalumu za kuweka na kutoa vijiti, kwa hiyo ulizia siku kabla hujapanda bodaboda.

Ile 25,000 yote kwa pamoja inategemea kituo ni cha nani. Kama ni cha binafsi, wanaweza kutoza ada ya huduma. Uliza bei yote, ya kutoa na ya kuweka, kabla hujapanda kitandani. Kama ni hospitali ya Kanisa Katoliki, vijiti haviwekwi pale. Watakufundisha kuhesabu siku, hata kama ndiyo hospitali teule ya wilaya, na itakubidi utafute kituo cha serikali kilicho jirani. Kama ni cha serikali, malipo yoyote halali huja na kontroo namba na risiti. Omba vyote viwili kwa upole. Fedha inayodaiwa mkononi, bila kontroo namba, si ya serikali.

Kuna hali nyingine iliyo katikati: glavu zimeisha, ganzi imeisha, wembe wa kuchanjia haupo, mhudumu anakuambia ukanunue. Huo ni upungufu wa kituo na hautakiwi kuwa mzigo wako. Nenda kwa mganga mfawidhi, mweleze kwa ufupi. Kituo kina kamati ya afya yenye wajumbe wa kijiji au mtaa, na juu yake yupo mganga mkuu wa halmashauri. Malalamiko yenye tarehe, jina la chumba na kiasi kilichodaiwa hushughulikiwa haraka kuliko ya maneno matupu. Kama umeamua kununua ili yaishe, nunua mwenyewe duka la dawa. Usimwachie mtu fedha.

Kutoa na kuweka upya

Vijiti viko chini kidogo tu ya ngozi, upande wa ndani wa mkono usioandikia, sentimita 8 hadi 10 juu ya kiwiko. Papasa sasa hivi: utavisikia vimelala kama njiti za kiberiti, kila kimoja sentimita 4 hivi, vimetanuka kama herufi V. Kama unavisikia vyote viwili, kazi ya kuvitoa ni ya dakika chache.

Mhudumu hupapasa ncha zote, husafisha ngozi, kisha huchoma ganzi kidogo chini ya ncha zilizo karibu na kiwiko. Iwe chini yake. Ganzi ikiingia juu ya kijiti, ngozi huvimba na kijiti hupotea vidoleni, na hapo ndipo kazi ya dakika tano inapogeuka ya nusu saa. Halafu huchanja mahali padogo, milimita chache tu, husukuma kijiti kwa kidole kutoka upande wa bega mpaka ncha itokeze, hukwangua utando uliokizunguka na kukivuta kwa koleo ndogo. Utasikia kusukumwa na kuvutwa. Ukisikia kukatwa, sema, aongeze ganzi. Hakuna kushonwa, ni plasta na bandeji, na mahali pale pakae pakavu siku 4. Kabla hujashuka kitandani, omba uonyeshwe vijiti: viwe viwili, viwe vizima.

Kama kimoja hakisikiki kwa vidole, kazi isimame hapo. Chini ya ngozi ya mkono pana mishipa ya damu na ya fahamu, na mtu anayechimba bila kukishika kijiti anaweza kukuachia ganzi ya kudumu ya vidole. Unapewa rufaa ya hospitali, kijiti kinatafutwa kwa eksirei au utrasaundi, kisha kinatolewa na aliyezoea kazi hiyo. Usimpe mkono wako mtu wa mtaani mwenye wembe, hata akisema amewahi kutoa vingi.

Vipya vinaweza kuwekwa siku hiyo hiyo, kupitia tundu lile lile, kama ngozi haina kidonda. Angalia jina lililoandikwa kwenye kadi mpya, kwa sababu idadi ya vijiti haitoshi kukuambia muda. Jadelle ni viwili na ni miaka 5. Levoplant navyo ni viwili lakini ni miaka 3. Implanon NXT ni kimoja, miaka 3. Wapo wanawake waliopata mimba kwa kuhesabu miaka mitano juu ya kijiti cha miaka mitatu. Mwambie muuguzi aandike mwezi na mwaka wa kutoa, nawe piga picha kadi hiyo kwa simu.

Haki ya kutoa haisubiri muda uishe. Mwanamke akisema vijiti vimemchosha baada ya miezi minne tu, vinatolewa hapo hapo. Anaweza kushauriwa kwanza, hasa kama tatizo ni damu ya matone isiyoisha, maana ipo tiba ya kuipunguza, mfano ibuprofen kwa siku 5 kwa dozi atakayoandikiwa. Akishasikia ushauri na bado anataka vitolewe, hakuna wa kumkatalia. Na akitaka mtoto, uwezo wa kushika mimba hurudi mara vijiti vinapotoka.

"Rudi ukiwa kwenye siku zako"

Huu ndio mzunguko unaowapotezea wanawake wengi nafasi, na chanzo chake ni hofu ya mhudumu kumwekea kijiti mtu mwenye mimba. Hofu hiyo ina dawa yake: maswali sita ambayo mtoa huduma wa uzazi wa mpango hufundishwa kuuliza. Je, hedhi yako imeanza ndani ya siku 7 zilizopita? Hujakutana na mwanamume tangu hedhi iliyopita? Umekuwa ukitumia njia ya uhakika ipasavyo? Umejifungua chini ya wiki 4 zilizopita? Mimba imetoka ndani ya siku 7? Au una mtoto wa chini ya miezi 6, unamnyonyesha maziwa yako tu, na hedhi haijarudi? "Ndiyo" moja yatosha, kama huna dalili za mimba. Wewe unayo tayari: vijiti vyako bado vinafanya kazi. Ndiyo maana nenda kabla tarehe ya kwenye kadi haijapita. Ukipitisha tarehe, jibu hilo unalipoteza na huenda ukaambiwa upime mimba kwanza.

Kuhusu mume, mwongozo wa taifa wa uzazi wa mpango unasema uamuzi ni wa mteja mwenyewe. Ridhaa ya mume, mzazi au mlezi si sharti. Hata kufunga kizazi, fomu inayosainiwa ni ya ridhaa ya yule anayefungwa. Kumshirikisha mwenzio ni jambo jema nyumbani penye masikilizano, na vituo vingi hukaribisha wenza waje pamoja. Kukaribishwa na kulazimishwa ni vitu viwili mbalimbali.

Kuna jambo moja wahudumu husahau kuuliza, nawe ulitaje bila kusubiri: dawa unazotumia. Rifampicin ya kifua kikuu, carbamazepine na phenytoin za kifafa, na efavirenz kati ya dawa za kufubaza VVU, hupunguza nguvu ya vijiti. Dolutegravir, nayo ya VVU, haina shida hiyo. Anayetumia dawa hizo za mwanzo hushauriwa sindano ya miezi mitatu au kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni na hukaa hadi miaka 12.

Na vijiti vikiwa vimeisha stoo? Hutokea. Usirudi nyumbani mikono mitupu. Omba sindano au vidonge vya kukushikiza, pamoja na kondomu, na tarehe ya kurudi iliyoandikwa. Anayetaka vidonge vyenye homoni mbili apimwe presha kwanza. Ikiwa 140/90 au zaidi, vidonge hivyo si vyake. Ukichukua sindano, tarehe ya inayofuata ina nafasi: ukichelewa hata wiki 4, bado unaweza kuchomwa bila maswali mengi.

Kipimo cha mlango wa kizazi

Ugonjwa wa shangazi umekutisha, na hofu hiyo ikupeleke kliniki. Lakini elewa kwamba saratani hii hailetwi na ukoo. Huletwa na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana nacho. Kwa wengi mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wachache hubaki, na huchukua miaka mingi, mara nyingi kumi na zaidi, kugeuza seli kuwa saratani. Miaka hiyo ndiyo nafasi yetu. Hata hivyo inakadiriwa wanawake zaidi ya 10,000 nchini huugua kila mwaka na zaidi ya 6,000 hufariki, wengi wao wakiwa wamefika hospitali damu tayari inatoka bila mpangilio.

Uchunguzi hulenga wanawake wa miaka 30 hadi 50. Anayeishi na VVU huanza akiwa na miaka 25 na hupimwa mara kwa mara zaidi, kwa ratiba atakayopangiwa CTC, yaani kliniki ya VVU. Chagua siku ambayo hedhi imeshakatika, na siku mbili kabla usijamiiane wala usiweke dawa ukeni. Vaa sketi au gauni, beba kanga.

Utalala chali, magoti yamekunjwa. Spekulamu, kifaa cha kutanulia uke, huingizwa ikiwa imefungwa, ikageuzwa, ikafunguliwa taratibu. Inabana; pumua kwa mdomo na uache makalio yalale kitandani, ukikaza ndipo inauma. Muuguzi huangalia kwanza kwa taa, kisha huchovya pamba kwenye siki ya asilimia 3 hadi 5, ukali unaokaribiana na ule wa siki ya kachumbari, akaipaka kwenye mlango wa kizazi na kusubiri dakika moja kamili. Utasikia ubaridi au mwasho mdogo. Sehemu yenye afya hubaki ya waridi. Seli zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe, weupe mzito wenye kingo zinazoonekana. Jibu unalipata hapo hapo. Kinachoharibu kipimo hiki ni haraka na giza: mhudumu anayeangalia baada ya sekunde kumi, au anayetumia tochi iliyofifia, atakuambia uko salama bila kuona kitu. Una ruhusa ya kuuliza, "Dakika imetimia?" Na tafadhali, siki ya jikoni usijipake nyumbani, haikupimi chochote na itakuunguza.

Penye kipimo cha HPV, chukua hicho kama unapewa nafasi ya kuchagua, kwa sababu hakitegemei jicho la mtu, na sampuli unaweza kuichukua mwenyewe kwa kijiti chenye pamba. Kwa waliovuka miaka 50 ndicho kinachofaa zaidi, maana kadiri umri unavyosogea, sehemu inayotakiwa kuonekana huingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi na siki haiifikii. Ukisikia "papsmia" hospitalini, hicho ni kipimo kingine cha maabara; mara nyingi hulipiwa na majibu husubiriwa.

Weupe si saratani. Ukiwa mdogo na haujaingia ndani ya mfereji, hutibiwa siku hiyo hiyo kwa tiba ya joto, ncha ya chuma yenye nyuzi joto 100 inayogusishwa kwa sekunde 20 hadi 30, au kwa tiba mgando, ya kugandisha kwa baridi kali. Utatokwa na majimaji hadi wiki 4, na katika wiki hizo usijamiiane, au tumia kondomu kama haiwezekani kukwepa. Zungumza na mume kabla, asije akadhani ni gonjwa la zinaa. Unarudi kuangaliwa baada ya mwaka mmoja. Asiyeonekana na weupe, na hana VVU, hurudi baada ya miaka 3.

Hapa ndipo kadi yako inapoanza kazi

Weupe ukiwa mkubwa, au muuguzi akitilia shaka, unapelekwa hospitali kukatwa kinyama kwa uchunguzi au kuondolewa sehemu iliyoharibika kwa waya wa umeme. Sasa umeingia kwenye matibabu, na matibabu yana gharama: maabara, utrasaundi, dawa, nauli. CHF hufuata ngazi. Usiondoke kituoni bila fomu ya rufaa yenye mhuri na sahihi, kwa sababu ukiruka ngazi bila fomu hiyo, kadi itakataliwa dirishani na hapo watakuwa na haki. Hakikisha pia kadi haijapitwa na muda na jina lako limo miongoni mwa wanakaya. Kama hakuna kadi wala fedha, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Wao ndio wanaoandika msamaha kwa asiyejiweza, na huandika vizuri zaidi ukienda na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Kwa Kanda ya Ziwa tiba ya mionzi ipo Bugando, Mwanza, na hilo huenda likamfaa shangazi kama bado hajaelekezwa.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na utaratibu wa kadi za zamani unabadilika kufuatana nayo, kwa hiyo ulizia ofisi ya halmashauri kadi yako imesimamaje. Lakini usisubiri bima yoyote ili upimwe au uweke vijiti. Hivyo vipo sasa.

Ukiwa pale pale RCH omba upimwe presha na VVU, na muuguzi akupapase matiti. Ni dakika kumi za ziada. Kwa umri wako na bila dalili, mammografia, yaani eksirei ya matiti, haina haja. Uvimbe, damu kwenye chuchu au ngozi iliyobonyea kama ganda la chungwa usivisubirishe hata mwezi.

Binti

Chanjo ya HPV ilianza mikoa yote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Tangu Aprili 2024 ni dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wa kwako yumo. Wachanjaji hupita shuleni, lakini aliyekosa siku hiyo huchanjwa kituo cha afya, bure. Msichana anayeishi na VVU huhitaji zaidi ya dozi moja, kwa hiyo hilo litajwe. Chanjo haigusi uwezo wake wa kuzaa. Inamkinga kabla hajakutana na kirusi, na ndiyo sababu hutolewa mapema. Mkono utamuuma siku moja au mbili. Baada ya sindano aketi dakika 15 kabla ya kuondoka, maana wasichana wa rika hilo huzimia kwa hofu ya sindano, na asije na njaa.

Siku yako ikifika, ukiitwa chumba cha uzazi wa mpango, sema yote kwa mara moja: "Nimekuja kutoa vijiti na kuweka vipya, na naomba nipimwe mlango wa kizazi leo hii." Ukitaja la pili baada ya kufungwa bandeji, utaambiwa urudi wiki ijayo.